Maua Hayaliwi, Lakini Yanalisha

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi wa Gatwekera, wadi ya Sarang'ombe, kuhusu kupanda maua ya kienyeji katika maeneo ya pamoja. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wa mitaa mingine ya kaunti.

Najua leo ni Jumamosi, siku ya kufua na ya kutafuta riziki, kwa hiyo nashukuru kwa muda wenu.

Nimekuja kuzungumza juu ya maua. Naona wengine wanatazamana. Mtu ana shida ya maji, ya mtaro uliojaa taka, ya kodi ya mwisho wa mwezi, halafu afisa wa kaunti anamletea habari za maua! Hilo ni swali la haki, na sitalikwepa. Niseme mapema kwamba sikuja na lori la miche, wala sina mradi wa kutangaza. Nimekuja kueleza jambo ambalo mnaweza kulianza kwa gunia moja na makubaliano ya majirani watano. Mkilipima mkaona halina maana, mtaniambia.

Kazi tusiyoilipia

Tuanze na chakula. Mahindi, mpunga na ngano havihitaji mdudu ili vizae. Upepo unatosha, au mmea unajitegemea. Kwa hiyo ugali tungeupata hata kama hakungekuwa na nyuki hata mmoja. Tatizo lingekuwa kwenye kitoweo na kwenye matunda. Boga, tikitimaji, parachichi, karakara, embe na kahawa hutegemea wadudu, mengine kabisa na mengine kwa sehemu. Mwaka 2016 jopo la wanasayansi wa mataifa mengi lilitoa ripoti kwamba kati ya kila aina 100 za mazao makuu ya chakula duniani, takriban 75 hutegemea kwa kiwango fulani wadudu, ndege na wanyama wengine wanaobeba chavua.

Chavua ni ule unga wa manjano ulio ndani ya ua. Ukitoka kwenye ua dume ukafika kwenye ua jike, tunda linaanza. Usipofika, hakuna tunda. Kazi ya kuufikisha tunaiita uchavushaji, na wanaoifanya ni wachavushaji: nyuki, vipepeo, nondo, inzi wa maua, na wale ndege wadogo wa chozi wenye mdomo mwembamba uliopinda.

Wengi wenu mmelima boga nyumbani, na hata hapa nimeona mmea wake umepanda juu ya ua wa mabati. Boga lina maua ya aina mbili. Ua dume linasimama kwenye kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake hata kabla ya kufunguka. Ua hilo jike linafunguka asubuhi moja tu, na kufikia adhuhuri limeanza kujifunga. Katika saa hizo chache ni lazima nyuki apite, tena si mara moja. Asipopita, kile kiboga kinageuka manjano, kinanyauka na kuanguka. Mara nyingi tunalaumu udongo au mbegu, kumbe kilichokosekana ni mgeni wa asubuhi.

Mtu anaweza kusema, "Mimi nalima sukuma wiki, nakula majani. Nyuki wananihusu nini?" Ni kweli majani hayahitaji nyuki. Lakini sukuma wiki unayochuma ilitoka kwenye mbegu, na mbegu ilitoka kwenye ua lililotembelewa na mdudu. Karoti na kitunguu ni vivyo hivyo. Mama mboga anayetandaza bidhaa zake kando ya njia jioni, karibu kila fungu lililo mbele yake limepitia kwa mdudu mahali fulani.

Nyuki wetu hawatoki mbali

Tunaposikia nyuki, tunafikiri mzinga, asali na kundi linalouma. Huyo ni mmoja tu. Duniani kuna zaidi ya aina 20,000 za nyuki, na nyingi kati yake haziishi kwenye mizinga wala hazitengenezi asali. Jike mmoja hujichimbia shimo lake, huweka chakula na mayai, hufunga mlango na kuondoka. Karibu aina 7 katika kila 10 hujenga ardhini. Wengine hukaa ndani ya mabua makavu, na wengine kwenye vijishimo vya kuta za udongo. Yule mkubwa mweusi anayevuma kwa sauti nzito na kutoboa nguzo za mbao ni nyuki pia, na ndiye fundi wa karakara na mbaazi. Tunao pia nyuki wadogo sana wasiouma, ambao mtu anaweza kuwadhania kuwa inzi.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa mlichukue nyumbani hata mkisahau mengine yote. Nyuki wa asali anaweza kuruka kilomita kadhaa kutafuta chakula. Nyuki mdogo hawezi. Wengi wao huishia mita mia chache kutoka kwenye shimo lao. Msitu wa Ngong Road haupo mbali na sisi kwa matatu, lakini kwa nyuki wa ukubwa wa punje ya mchele ni safari isiyowezekana. Hatoki msituni akaja kuchavusha boga lako kisha akarudi. Ama anaishi hapa hapa Gatwekera na kupata chakula chake hapa, ama hayupo kabisa.

Wanubi waliokaa hapa tangu mwanzo wa karne iliyopita ndio walioipa sehemu hii jina la Kibra, na katika lugha yao maana yake ni msitu. Msitu ule umekwisha. Nyumba zimesongamana na ardhi iliyobaki wazi ni vipande vipande: uwanja mdogo mbele ya choo cha umma, pembe ya shule, ukingo wa kanisa, mbele ya kioski cha maji, ua wa ndani wa ploti. Kwetu ni vipande vidogo mno. Kwa nyuki mdogo, kipande chenye maua kila baada ya mita 100 au 200 ni njia kamili ya kupita na kula.

Miji mingine imeliona hilo. Mji wa Utrecht nchini Uholanzi ulipanda mimea ya maua juu ya mapaa ya zaidi ya vituo 300 vya mabasi. Curridabat, mji ulio karibu na jiji kuu la Costa Rica, uliwatangaza nyuki na vipepeo kuwa raia wake, na ukapanga njia na bustani zake kwa kuwakumbuka. Sisemi tupande juu ya mabati yetu, hayawezi kubeba udongo. Nasema tu kwamba hakuna kati ya miji hiyo iliyongoja kupata bustani kubwa.

"Lakini nafasi yenyewe iko wapi?"

Sasa nirudi kwenye swali la haki nililolitaja mwanzoni. Nafasi ni haba. Kila mita ikiwekwa ua, kuna kitu kingine hakikuwekwa: kamba ya nguo, mboga, mahali pa watoto kucheza. Kwa hiyo sishauri mtu ang'oe sukuma wiki apande maua.

Ninashauri tutazame mahali ambapo mboga hazifai kupandwa. Kuna udongo hapa ambao umelala chini ya taka kwa miaka. Umemwagiwa mafuta ya mashine, betri zimeoza ndani yake, takataka zimechomwa juu yake. Mboga za majani zinaweza kunyonya madini mazito kama risasi kutoka kwenye udongo wa namna hiyo, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto inadhuru ubongo wake. Kuna pia ukingo wa mitaro, ambako maji taka hufurika mvua ikinyesha. Mboga ya hapo inaweza kukuletea kipindupindu au homa ya matumbo, hata kama inaonekana ya kijani kibichi na yenye afya.

Sehemu hizo hatupaswi kuzilima chakula. Tukiziacha wazi, tunajua kitakachotokea: kesho asubuhi mfuko wa kwanza wa taka utakuwa umetupwa, na kufikia Jumapili ni jaa. Ndipo ua linapopata kazi. Taka ziondolewe kwanza, udongo wa juu mchafu ukwanguliwe, kisha pawekwe udongo safi kidogo na mimea ya maua. Mboga ibaki kwenye gunia lenye udongo safi, hatua chache kutoka hapo. Nyuki anayelishwa na maua ya ukingoni ndiye atakayepita kwenye boga la ndani ya ploti. Vitu hivyo viwili havigombanii nafasi.

Gunia lenyewe hamhitaji kufundishwa. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, chakula kilipokuwa adimu, shirika la Solidarités lilieneza kilimo cha magunia hapa Kibera kuanzia 2008, na familia nyingi zilijifunza: udongo na mbolea pembeni, mawe katikati ili maji yashuke hadi chini, matundu ubavuni ya kupandia miche. Gunia lile lile linaweza kubeba maua. Tena lina faida nyingine. Wengi wetu ni wapangaji kwenye ardhi isiyo yetu, na hakuna ajuaye ataishi ploti hii hadi lini. Gunia na ndoo iliyopasuka vinahamishika.

Tupande nini?

Watu wengi wakisikia maua wanafikiria waridi la kununuliwa. Maua mengi ya madukani yamekuzwa kwa ajili ya macho ya binadamu. Yana petali nyingi na chavua kidogo, na mdudu hapati kitu. Chaguo bora ni mimea iliyozoeana na wadudu wetu, na mingi kati yake mnaijua kwa majina ya nyumbani.

Ya kwanza ni mboga za kienyeji. Mito, wanayoiita wengine mitoo, hutoa maua ya manjano ambayo nyuki huyapenda sana. Dek, au saget, hutoa maua meupe marefu yanayotembelewa na nyuki mchana na nondo usiku. Kunde, yaani boo, nayo hutoa maua yenye utamu. Kosa letu ni kwamba tunachuma hadi mmea wa mwisho. Ninachoomba ni hiki: katika kila miche kumi, miwili isichumwe. Iache itoe maua. Utakuwa umelisha nyuki, na mwishoni utakuwa na mbegu za kupanda msimu ujao bila kwenda dukani.

Ya pili ni viungo. Mrihani na dania vikiachwa vitoe maua vinaita wadudu wengi. Dania ina faida ya ziada. Maua yake huvuta inzi wa maua, na watoto wa baadhi ya inzi hao hula wale vidukari wanaokunja majani ya sukuma wiki. Ni dawa ya bure.

Ya tatu ni mimea ya mwituni. Mshubiri, yaani ogaka, huvumilia ukame na mara nyingi hutoa maua wakati wa kiangazi, wakati ambapo wadudu na ndege wa chozi hawana kitu kingine. Kuna pia mmea mrefu wenye vifundo vya mviringo vyenye miba na maua ya rangi ya chungwa, mnauona kando ya barabara nyingi. Ni mzuri kwa chozi na nyuki, lakini uwekwe nyuma, mbali na mahali watoto wanapopita. Msiende kung'oa mimea kwenye misitu ya hifadhi. Chukueni mbegu kwa ruhusa, au mnunue miche kwa wauza miche wa kando ya barabara.

Ya nne, kama kuna uwanja wa shule au wa kanisa wenye nafasi, ni mti. Siala una maua ya manjano na wengi wenu mmekulia chini yake. Mmoja tu unalisha wadudu kuliko magunia mengi. Na kama mti ni mkubwa mno, mbaazi inatosha. Ni kichaka, kinakaa zaidi ya mwaka mmoja, kinatoa maua kwa nyuki na chakula kwa watu.

Mimea ya kuepuka ni lantana, ambayo vipepeo wanaipenda lakini ikishika ardhi haitoki, na gugu karoti, ambalo huwasha ngozi na kuleta shida ya kupumua. Yapo pia maua ya mapambo yenye sumu. Lile kubwa linaloning'inia kama tarumbeta, na oleanda, yasipandwe kabisa mahali penye watoto.

Tukichanganya aina nne au tano zinazotoa maua kwa nyakati tofauti, hapatakuwa na mwezi wenye njaa. Wakati wa kupanda ni mwanzo wa mvua: Machi kwa mvua ndefu, Oktoba kwa mvua fupi. Mtungi wa lita 20 unanunuliwa kwa pesa, na hakuna atakayeumwagia ua huku watoto wana kiu. Mvua ianze kazi, kisha maji ya kusuuzia mboga na ya kusuuzia nguo yaendeleze. Yale ya povu zito la sabuni, ya jiki au ya chooni yasitumike.

Mwishowe, acheni sehemu ndogo ya ardhi iliyo tupu, ya ukubwa wa karai, isiyofagiliwa wala kukanyagwa. Ile inaonekana kama haina kitu, lakini ndiyo nyumba ya nyuki wanaochimba.

Hofu ambazo nimezisikia

Kabla ya kikao hiki nilizungumza na baadhi yenu. Hofu zenu ni tatu.

Hofu ya kwanza ni kuumwa na nyuki. Nyuki aliye juu ya ua yuko kazini. Hana nyumba ya kulinda pale, na usipomshika au kumkanyaga hana haja na wewe. Anayeuma kwa hasira ni yule anayelinda mzinga, na ndiyo sababu sizungumzii mizinga. Kwenye nyumba zilizosongamana hivi, mzinga si wa hapa. Kundi la nyuki likitua kwenye ukuta au mti, waondoeni watoto na msilitupie mawe. Mara nyingi kundi linapumzika tu na huondoka lenyewe baada ya siku moja au mbili. Likikaa, aitwe mtu mwenye ujuzi wa ufugaji nyuki. Msilichome kwa moto wala mafuta taa. Mnajua wenyewe moto ukishika mabati na mbao za mtaa huu unakwenda wapi. Na mtu akiumwa kisha akavimba uso au akashindwa kupumua, apelekwe hospitali mara moja, asisubiri asubuhi.

Hofu ya pili ni usalama. Akina mama wameniambia hawataki kichaka ambacho mtu anaweza kujificha jioni. Wana haki. Kando ya njia pandeni mimea isiyopita magoti, na mirefu ikae ukutani mahali penye taa. Kuhusu mbu, mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, hawazaliani kwenye ua. Hakikisheni hakuna kopo wala tairi lenye maji katikati ya mimea.

Hofu ya tatu ni ardhi. Kuna anayeuliza, "Tukipanda, atasema tumenyakua?" Na mwingine anauliza, "Tukipanda, itakuwa yetu?" Kupanda ua hakumpi mtu hati. Mahali pa shule, zungumzeni na mwalimu mkuu. Pa kanisa au msikiti, na viongozi wake. Ndani ya ploti, na mwenye ploti. Kando ya reli msipande, ni eneo la shirika la reli na ni hatari. Kando ya mto, baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, wote tunajua maji yanaweza kufanya nini. Mimea yenye mizizi inasaidia kushika udongo wa ukingo, lakini pale shughuli yoyote ifanywe kwa kuwashirikisha chifu na maafisa wa mazingira, wala isitumiwe kuweka alama ya umiliki.

Nani atamwagilia Alhamisi?

Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Tunapiga picha, tunapeana mikono, na mimi ofisini naandika habari nzuri. Kinachoamua kama kutakuwa na maua baada ya miezi sita ni nani alimwagilia siku ya Alhamisi wakati hakuna aliyekuwa anatazama.

Tuna mifano ya karibu. Korogocho, kikundi cha vijana cha Komb Green kiligeuza jaa lililokuwa kando ya Mto Nairobi kuwa bustani ya umma, na vijana hao hao ndio wanaoitunza. Dandora, vijana walishindanisha ua za nyumba, kila ua ukisafisha na kupanda kushinda mwenzake. Hapa hapa Kibera, shirika la Kounkuey limejenga maeneo ya umma pamoja na wakazi kandokando ya vijito, na baadhi yake yana huduma kama choo au maji ambayo huingiza pesa kidogo za matunzo. Katika yote matatu, wakazi wa pale wameshiriki kazi yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata mche mmoja, kaeni chini majirani watano au sita. Andikeni kwenye daftari: nani ana zamu siku gani, maji yanatoka wapi, nani anaruhusiwa kuchuma, mbuzi na kuku watazuiwa vipi, na mwenye zamu akihama nani anachukua. Kama kuna kioski cha maji au choo cha umma jirani, ongeeni na wanaokisimamia, maana maji na macho ya ulinzi tayari yako pale. Watoto wa shule wapewe sehemu yao. Mtoto aliyepanda mito kwa mkono wake atakuwa mlinzi mkali kuliko ua wa seng'enge.

Na dawa za kuua wadudu zitumike kwa uangalifu mkubwa, au zisitumike kabisa. Majivu juu ya majani husaidia dhidi ya vidukari. Ikilazimu kupuliza, iwe jioni nyuki wakishalala, na isiwe juu ya maua. Msinunue dawa iliyopakiwa upya kwenye chupa ya soda bila lebo. Hiyo inaua nyuki, na imewahi kuua watoto wanaoidhania kuwa kinywaji.

Kaunti na ninyi

Mtaniuliza kaunti inafanya nini. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Katiba hiyo hiyo imezipa kaunti jukumu la kilimo, la bustani za umma na la uzoaji taka. Nairobi pia ina sheria yake ya kuendeleza na kudhibiti kilimo cha mjini, ya mwaka 2015, kwa hiyo mtu anayelima gunia lake mjini hafanyi jambo la kujificha. Hayo ni ya kisheria. Kwa vitendo, mna njia mbili. Afisa wa kilimo anaweza kuulizwa kuhusu udongo, mbegu na wadudu, na ushauri wake haulipiwi. Na vikao vya maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti vinapoitishwa, njooni. Kikundi kikija na daftari lake la zamu na kipande cha ardhi ambacho kimekisafisha tayari, ombi lake la mapipa ya taka au la taa lina uzito. Ninaviona vikao hivyo mwaka hadi mwaka, na wanaokuja na jambo mahususi ndio wanaosikika.

Nimalize kwa ombi moja dogo. Kabla ya mvua zijazo, chagueni mahali pamoja tu katika Gatwekera. Pasiwe pazuri, pawe pale mnapopachukia zaidi kwa sababu ya taka. Safisheni, pandeni aina nne, na karibu na hapo pandeni boga moja kwenye gunia. Boga likianza kutoa maua, amkeni mapema siku moja mkatazame ua jike, na mhesabu waliokuja. Halafu mhesabu maboga. Mkiona viboga vinanyauka na kuanguka, ongezeni maua. Mkiona vinakua, nileteeni habari, nami nitaiandika katika jarida hili ili Kianda, Lindi na Laini Saba wajue pa kuja kujifunza.

Sasa maswali, na tuanze na akina mama.